Skrubu ya Pampu Iachwe

Ukipeleka Land Cruiser mkonga kufungwa turbo, iwe hapa Izia mjini Sumbawanga, iwe Laela au Tunduma, kazi huishia mahali pamoja. Turbo ikishakaa, mabomba yakishabanwa na oili ikishapita, fundi huinama nyuma ya pampu ya dizeli akiwa na spana na bisibisi. Anavunja kizuizi kilichowekwa na kiwanda, analegeza nati, anazungusha skrubu robo duara kuiingiza ndani, anabana tena. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda yenyewe, kwa kuwa skrubu ile inagusa dizeli ya kila mwendo, basi anaishusha kwa skrubu nyingine. Kisha anakanyaga mafuta. Moshi mweusi unatoka kwenye eksozi, watu wanarudi nyuma, na mwenye gari anaambiwa: "Sasa limeamka, bosi."

Napinga robo duara hiyo, na napinga imani iliyoizaa. Imani yenyewe haisemwi na wababaishaji peke yao. Inasemwa na mafundi wazuri, na madereva wa miaka mingi, na wenye magari waliosoma: turbo ikifungwa lazima pampu ifunguliwe, kwa sababu hewa bila dizeli ni upepo tu. Nazungumzia injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 iliyotoka Toyota mwaka 1990, ambayo ndiyo inayoubeba mkoa huu wa Rukwa: magari ya zahanati, ya halmashauri, ya misheni, ya wanunuzi wa mahindi na wachuuzi wa migebuka. Nazungumzia turbo ya msukumo mdogo, PSI 6 au karibu na hapo, ile ambayo watu huifunga wakitaka gari lipande vizuri na si kwenda kushindana. Na nazungumzia gari linalolala Sumbawanga, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa injini hiyo, msukumo huo na kimo hiki, dizeli ya kutosha imo kwenye pampu tangu gari lilipotoka kiwandani. Kilichopungua ni hewa.

Tuanze na hewa, maana haionekani na ndiyo sababu inasahauliwa. Dar es Salaam hewa inakandamiza kila kitu kwa PSI 14.7 hivi. Ukifika Sumbawanga zimebaki chini kidogo ya 12. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, na tuseme silinda zake zinajaa kabisa, inameza karibu lita 5,200 za hewa kila dakika. Lita hizo ni zilezile pwani na mlimani, kwa kuwa ukubwa wa silinda haubadiliki. Uzito wake ndio unaobadilika. Kwa joto la Dar es Salaam lita hizo zina kilo 6 hivi za hewa. Kwa ubaridi wa huku kwetu Ufipa, ambao kwa kweli unatusaidia kidogo, zina kilo 5. Kila dakika ya kupanda mlima injini inanyimwa kilo nzima ya hewa.

Pampu haijui habari hiyo. Pampu ya 1HZ ni ile ya kuzunguka, aina ya VE, kazi ya Denso. Inapima dizeli kwa ujazo, ikifuata mguu wa dereva na mwendo wa injini, basi. Ukikanyaga hadi chini pale Ubungo, Dar es Salaam, inatoa kiasi fulani. Ukikanyaga hadi chini kwenye kilima cha Mbizi inatoa kiasi kilekile, ingawa hewa ya kuichomea imepungua. Tuseme pwani kila gramu moja ya dizeli ilikuwa inapata gramu 19 za hewa. Hapa kwetu gramu hiyohiyo inapata chini ya 16. Kwa karatasi, dizeli inahitaji gramu 14.5 hivi za hewa ili iungue yote, lakini injini ya dizeli haina muda wa kuchanganya vizuri kiasi hicho. Lazima iwe na hewa ya ziada, na ikikosa ziada ile inaanza kutoa masizi. Ndiyo maana 1HZ isiyo na turbo, nzima kabisa, yenye pampu iliyopimwa sawasawa, inapiga moshi mweusi ikipandisha magunia ya mpunga kutoka Muze, kule bondeni.

Nenda ukasimame juu ya kilima hicho cha Muze saa za jioni, magari yanapotoka bonde la Ziwa Rukwa. Utaona moshi kabla hujasikia injini. Moshi huo ndio ushahidi wangu wa kwanza. Ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikakosa mwenzake. Mtu anayeona moshi huo kila siku kisha akasema tatizo la magari ya Ufipa ni uhaba wa dizeli, hajautazama.

Sasa weka turbo ya PSI 6. Hewa ya karibu PSI 12 inakuwa karibu 18. Kwa kuwa kukandamiza hewa kunaichemsha, na nachukulia turbo ya kawaida isiyo na kipoza hewa, hewa iliyoingia kwa nyuzi 20 inatoka ikiwa kwenye 75 hivi, na joto hilo linaipunguzia uzito. Ukishalitoa, zile lita 5,200 zinabeba kilo 6.4. Linganisha na kilo 6 za Dar es Salaam. Yaani msukumo wote ule tunaousikia ukipiga mluzi chini ya boneti umeirudisha injini pwani, ukaongeza na chenji kidogo. Dizeli ambayo kiwanda kilipangia hewa ya pwani imepata hewa ya pwani. Moshi unakata, gari linapanda gia ya tatu mahali lilipokuwa linaomba ya pili, na hakuna mtu aliyegusa pampu.

Jambo hili lina zaidi ya miaka mia moja. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya turbo mwaka 1905, lakini aliyeonyesha faida yake kwa watu wa milimani ni Sanford Moss, mhandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Mwaka 1918 alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak kule Colorado, kama mita 4,300 juu, akaipima hukohuko. Bila turbo injini ilikuwa imepoteza kama theluthi ya nguvu zake. Turbo ilipofungwa ikarudi pale ilipokuwa bondeni. Moss hakuwa anaitafutia injini ile nguvu mpya. Alikuwa anairudishia hewa iliyoiacha chini. Mwenye mkonga wa Sumbawanga yuko katika hali ileile, kwa mlima mfupi zaidi, na anahitaji dawa ileile.

Imani ya kufungua pampu imetoka wapi, basi? Naamini sehemu kubwa imetoka kwenye petroli. Vijana wa gereji wamekulia kwenye Subaru na Altezza na Mark II, na kwa magari hayo wanayosema ni kweli tupu. Injini ya petroli inataka hewa na mafuta kwa uwiano unaokaribia kuwa mmoja muda wote. Ukiiongezea hewa ukaacha mafuta palepale, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni inatoboka. Kwa hiyo mwenye Altezza anayetaka kufunga turbo, hata ya PSI 6, lazima kwanza aangalie nozeli zake zinaweza kutoa kiasi gani, pampu ya kwenye tangi inafikisha kiasi gani kwa presha ile, na kompyuta ya gari inaona hewa hadi wapi. Wa aina hiyo akiniuliza nitamwambia aanze na mafuta kabla hajanunua turbo, tena nitamwambia mara mbili.

Dizeli inafuata sheria kinyume. Injini ya dizeli siku zote inafanya kazi na hewa zaidi ya inayohitajika. Kinachoamua nguvu na joto ni dizeli. Punguza dizeli, joto la moshi linashuka. Ongeza dizeli, linapanda. Ukiiongezea hewa bila dizeli, unaipoza. Hakuna dizeli iliyowahi kutoboa pistoni kwa sababu ya kupata hewa nyingi mno na mafuta machache. Nimesikia kwa masikio yangu fundi mtu mzima akimwambia mteja kwamba dizeli ya ziada itaipoza injini. Hiyo ni elimu ya petroli iliyohamishiwa kwenye 1HZ, na inapasua hedi.

Naijua hoja yao bora, na haistahili kupuuzwa. Wanasema: sawa, mzee, lakini Toyota wenyewe walitengeneza 1HD-T, lita 4.2 zilezile, mwaka uleule wa 1990, wakaifunga turbo na wakaipa dizeli nyingi kuliko 1HZ. Kwa nini sisi tusifanye hivyo? Kwa sababu ukizifungua mbili hizo unakuta injini tofauti. 1HD-T inapulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni na inakandamiza hewa kwa uwiano wa 18.6. 1HZ inapulizia kwenye kijichumba kilicho ndani ya silinda hedi, na inakandamiza kwa zaidi ya 22. Kijichumba kile ndicho kinachopokea moto wa kwanza, na joto lake linabaki ndani ya hedi. Ukiongeza dizeli, ndicho kinachoanza kupata nyufa, na nyufa zikitembea zinafika kwenye njia ya maji. Halafu jambo ambalo wanaosifu 1HD-T hawalitaji: pampu yake ina kifaa juu yake kinachosoma msukumo wa turbo kupitia kibomba chembamba. Turbo isipopuliza, kifaa kinaizuia dizeli ya ziada. Turbo ikipuliza, kinaiachia. Toyota waliongeza dizeli, ndiyo, lakini waliifunga kamba na hewa.

Pampu ya kawaida ya 1HZ haina kifaa hicho. Skrubu ikizungushwa robo duara, dizeli ya ziada inakuwapo wakati wote, hewa iwepo isiwepo. Na hapo ndipo robo duara inapofanya madhara makubwa zaidi. Fikiria gari linalotoka bandari ya Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, mita kama 770 juu ya bahari, likipanda kuelekea Matai na baadaye Sumbawanga. Lina tani na nusu ya samaki, watu juu ya mizigo, na kona zinamlazimisha dereva apunguze. Akitoka kwenye kona injini iko kwenye mizunguko 1,300 au 1,400, na mguu wake uko chini kabisa. Turbo bado haijaamka. Moshi haujawa na kasi ya kuizungusha. Kwa sekunde hizo injini ina hewa yake nyembamba ya kawaida, na dizeli zaidi ya ile ambayo tayari ilikuwa inaizidi. Wingu linatanda barabara nzima. Dereva anafurahi kwa sababu gari limesukuma. Sekunde hizo zinajirudia kona baada ya kona hadi juu, na kadiri anavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kupungua, na hakuna wa kumwonyesha kinachotokea ndani, kwa kuwa kipimo cha joto la maji kwenye dashibodi kimetulia katikati.

Kipimo cha maji hakitamwambia kitu mpaka wakati umepita. Joto la moshi linapanda kwa sekunde. Maji yanachukua dakika. Anayetaka kujua lazima atoboe manifoldi kabla ya turbo, aweke kipimo cha joto la moshi, na akitazame akiwa mlimani. Kwa 1HZ ninaanza kuogopa ninapoona nyuzi 650, na sikubali gari lipande muda mrefu likiwa 700. Kumbuka kwamba alumini yenyewe, metali ya pistoni zetu, inayeyuka kwenye 660. Pistoni haifiki joto la moshi, kwa sababu oili na maji vinaipoza, lakini nafasi iliyobaki kati ya usalama na hasara si kubwa kiasi cha kuachiwa sikio la fundi na rangi ya eksozi.

Wapo watakaosema: lakini gari lililofunguliwa pampu lina nguvu, tumeliona. Ni kweli, linazo. Sijasema dizeli haiongezi nguvu. Mizunguko ikishapanda na turbo ikipuliza, sehemu ya dizeli ile inaungua na inasukuma. Ninachosema ni bei yake. Masizi yanaingia kwenye oili na kuifanya nzito, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha shafti ya turbo inayozunguka maelfu kwa maelfu kwa dakika. Hedi ya 1HZ ikipasuka, Sumbawanga utasubiri spea itoke Mbeya au Dar es Salaam, na mara nyingi itakuwa ya mtumba usiojua historia yake. Na dizeli inayotoka kama moshi umeilipia bei ya huku mbali: bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, zinahesabu safari ya lori kutoka bandarini, na sisi tuko karibu na mwisho wa barabara. Mkulima aliyeuza mahindi yake kwa NFRA, wakala wa serikali wa akiba ya chakula, akanunua turbo ili apunguze gharama za kupanda na kushuka, hakustahili kuuziwa moshi.

Je, mfumo wa mafuta usiguswe kabisa? Hapana, uguswe sana. Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu robo duara ya skrubu inachukua dakika tano na inakula sifa yote, huku kazi ya kweli ikiachwa. Gari linalofungwa turbo litafanya kazi kwa mzigo mkubwa kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kila kasoro ya mfumo wa mafuta iliyokuwa inavumilika itajitokeza.

Anza kwenye tangi. Magari yetu yanajazwa sheli leo, kesho yanajazwa kwa madumu kule Kirando au Kipili ambako dumu lilibeba maji wiki iliyopita. Tangi la mkonga wa miaka ishirini lina matope na kutu chini. Lishushwe, lioshwe, na chujio la kutenga maji liwekwe mahali ambapo dereva ataliona na kulimwaga. Maji ndani ya pampu ya VE ni kifo, kwa kuwa pampu hiyo haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ndiyo maana pia mafuta ya taa ni sumu kwake. Wale tunaokumbuka miaka ya uchakachuaji, kabla EWURA haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata, tunajua pampu ngapi ziliuawa kimyakimya. Hali imekuwa bora, lakini dizeli ya dumu haina mlinzi.

Kisha mabomba ya kutoka tangini. Kwenye 1HZ hakuna pampu ya umeme inayosukuma dizeli mbele. Pampu yenyewe inaivuta kutoka nyuma ya gari, na kinachoisaidia kuvuta ni mgandamizo wa hewa juu ya dizeli iliyo tangini. Mgandamizo huo, tumeona, Sumbawanga umepungua. Kwa hiyo filta iliyoziba nusu, ambayo Dar es Salaam ingevumilika miezi mingine, hapa inaifanya pampu ikose dizeli kwenye kilima kirefu. Mpira wa zamani uliopata nyufa hauvuji dizeli nje, unavuta upepo ndani, na dereva analalamika kwamba gari linakata pumzi likipanda. Fundi asiye na subira anasikia malalamiko hayo na anatafuta bisibisi. Anazungusha skrubu kuongeza dizeli kwenye pampu inayolia njaa kwa sababu ya mpira mmoja wa bei ndogo. Weka kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga kabla ya pampu, washa gari, uangalie kama kuna mapovu. Hilo linachukua muda mfupi na halimpotezei mtu injini.

Halafu nozeli. Zote sita zitolewe, zifungwe kwenye kifaa cha kupimia, kila moja ionekane inafunguka kwenye presha ya kitabu cha kiwanda, inapuliza ukungu mwembamba na kukata bila kudondosha. Nozeli inayodondosha inatia dizeli ya matone kwenye kijichumba kile cha hedi, na tone haliungui kwa wakati; linaungua likiwa limechelewa, na moto uliochelewa unaingia kwenye eksozi na kuipandisha joto. Nozeli moja mbovu kati ya sita inaweza kuiua silinda moja huku nyingine tano zikiwa salama, na wewe ukilaumu turbo. Kama kuna fedha ya kutumia mahali pamoja tu kwenye mfumo wa mafuta, ningeiweka hapo.

Na pampu yenyewe ipelekwe kwa fundi pampu mwenye meza ya kupimia, ipimwe dizeli inayotoka kwa kila silinda, irudishwe kwenye namba za kitabu kama kuna mtu aliwahi kuifungua. Magari mengi ya mtumba yanakuja na kizuizi kimeshavunjwa. Mwenye gari hajui anaanzia wapi. Ikirudi kwenye gari, muda wake wa kupuliza upimwe kwa saa ya kupimia, usikadiriwe kwa alama ya kalamu. Hiyo ndiyo ninayoiita kuboresha mfumo wa mafuta kwa turbo ndogo. Inachukua siku, inaumiza mfuko, na mwisho wake eksozi haitoi kitu cha kuwafurahisha watazamaji.

Sasa mahali ambapo mimi na mafundi tunaweza kukutana. Gari ambalo makazi yake ni pwani lina hesabu nyingine. Pale Dar es Salaam PSI 6 zinapandisha zile kilo 6 hadi kilo 7 na ushee. Ziada hiyo ni ya kweli, na sehemu yake inaweza kupewa dizeli, kwa mkono mwepesi, na kipimo cha joto kikiwa kimefungwa. Kando ya Ziwa Tanganyika uko katikati, karibu kilo 6.9. Lakini gari la Kasanga halibaki Kasanga. Linapanda, na pampu isiyosoma msukumo wala kimo inapaswa kupangwa kwa mahali ambapo hewa ni chache zaidi katika safari zake. Mwenye kutaka dizeli zaidi chini na dizeli salama juu anunue pampu yenye kile kifaa cha kusoma msukumo, kama ya 1HD-T ilivyofanyiwa, na afungiwe na mtu wa pampu. Hiyo naiheshimu.

Kuna pia kundi jingine dogo la pampu. Kwa baadhi ya masoko Toyota walizifungia pampu za 1HZ kifaa cha kimo, ambacho kinapunguza dizeli kadiri hewa inavyokuwa nyembamba. Wenye kiwanda, walipofikiria watu wa milimani, walipunguza. Ukikutana na pampu ya namna hiyo ukafunga turbo, itaendelea kuipunguzia injini dizeli kwa kusoma hewa ya nje, ingawa ndani hewa imesharudi. Hapo kurekebisha ni halali, na kunafanyika kwenye meza ya kupimia, kwa namba, si kwenye vumbi la gereji kwa robo duara.

Meza ile nayo haijui mlima. Inahesabu dizeli tu, ujazo kwa idadi ya mipigo, na kitabu kinachoilisha namba kiliandikwa kwa ajili ya hewa nzito ya chini. Kwa gari la Ufipa lenye turbo ya PSI 6 hiyo ni bahati njema, kwa sababu hewa hiyo nzito ndiyo ambayo turbo imekuletea. Kwa hiyo ukimpelekea fundi pampu kazi yako, mwambie arudishe namba za kitabu, akuandikie kwenye karatasi alichokuta na alichoacha kwa kila silinda, na apige upya kizuizi kwenye skrubu. Akikuuliza kwa nini unafunga turbo halafu hutaki dizeli iongezwe, mwonyeshe tofauti ya kilo 5 na kilo 6, mpe funguo, mpande naye kilima cha Muze na mzigo, kipimo cha joto la moshi kikiwa mbele ya macho yenu wote wawili.